Kuba ya Mkonge Iliyoshonewa Mikanda

Nimechoka kuulizwa juu ya cherehani. Tangu nirudi kutoka Kisumu sijavuka barabara ya Mumbuni hapa Machakos bila mtu kunishika mkono: "Rukia, ni kweli ulipewa cherehani ukaikataa?" Sokoni ni hivyo hivyo. Ijumaa, wanawake wenzangu hawajamaliza hata kuvaa viatu vyao mlangoni mwa msikiti, wameshaanza. Na wale wa kikundi chetu cha kusuka, ambao wangeitumia hiyo cherehani pamoja nami, hawaniulizi kitu. Wananitazama tu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, tangu nilipotoka nyumbani hadi niliporudi, kila mtu ajisomee. Atakayesema bado kwamba yalikuwa maringo, aseme akiwa amejua.

Kwanza mjue nilibeba nini. Viondo vyangu si vya kubebea vitu. Ni vipana, kina chake kifupi, na urembo wote uko ndani: nyota, pembe, na mistari inayozunguka kutoka kitovuni hadi ukingoni. Sisuki mnyama wala mtu. Ndivyo nilivyolelewa, na sijaona nilichopungukiwa. Vinatundikwa darini, mdomo ukiangalia chini, ili mtu avitazame kwa kuinua macho. Tulipokuwa watoto wa madrasa hapa Machakos, kabla mwalimu hajaingia, tulikuwa tunalala chali kwenye zulia tukitazama kuba ya msikiti kwa ndani. Tulichapwa kwa hilo, lakini mpaka leo nikishika mkonge ndicho ninachokiona.

Kiondo kikubwa kuliko vyote, kipana kama gurudumu la lori, nimekipa jina la Kuba. Hicho alikianza mama. Mama alizaliwa katika nyumba ya Wakristo huko upande wa Wamunyu, akaolewa na baba, Muislamu wa mjini, akasilimu. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Bibi mzaa baba alimfundisha kulia chakula mkono wa kulia, akafaulu. Kwenye kusuka alishindwa, akamwacha. Mama alianza kitovu cha Kuba, akafika upana wa sahani, akaugua, akafariki. Kile kisahani kilikaa sandukuni muda mrefu mpaka nilipopata moyo wa kukiendeleza.

Nilipoalikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono kule Kisumu, nilitaka jambo moja: Kuba itundikwe juu mbele ya watu, na kwenye kadi yake yaandikwe majina mawili, la mama na langu. Ni hilo tu. Cherehani sikuiomba.

Mumbuni hadi Athi River

Nilisafiri na Mutua, mchongaji wa Wamunyu, aliyekuwa akipeleka vinyago vyake kwenye maonyesho hayo hayo kwa lori lake dogo. Mume wangu hakuweza kuacha kazi, lakini alipomwona Mbithe, mkewe Mutua, ameketi katikati ya kiti cha mbele na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa, magotini, alitosheka. Mutua ni mtu mkubwa, mpole, wa maneno machache. Mbithe anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Hasira yangu ya kwanza ilinishika kabla lori halijatoka Mumbuni. Nilikwenda nyuma kuhakikisha viondo vyangu vimefungwa vizuri, nikakuta kila kimoja kina simba ndani. Simba wa mti, wawili wawili, wamelazwa kwenye nyota zangu.

"Hao wamekaa vizuri, dada," Mutua akaniambia kwa furaha. "Hawatavunjika masikio."

Mimi nisiyesuka hata kipepeo, naipeleka mifugo ya mtu mwingine Kisumu ndani ya kazi yangu! Niliwatoa wote. Mutua akawafunga kwenye magunia, na safari ikaanza kwa kuchelewa.

Tulipopita njia panda na kuingia barabara ya Mombasa, Mbithe akanigeukia. "Hizi kiondo zako ni mzuri, dada. Lakini mikanda umeziweka wapi?"

"Havihitaji mikanda," nikamjibu, nikatazama nje ya dirisha, kwa sababu bado nilikuwa na simba moyoni.

"Aiya," akasema polepole. "Pole sana."

Sikuelewa ananipa pole ya nini. Laiti ningemuuliza pale pale, nisingekuwa naandika haya.

Athi River gurudumu lilipasuka. Mutua akawa chini ya lori, sisi tukawa kwenye jua, na vumbi la saruji likawa juu ya kila kitu. Niliteremsha viondo nikavifunika kwa leso zangu, nikabaki na buibui yangu nyeusi tu, nayo ikageuka kijivu. Saa ya chakula vijana wa viwandani wakatoka kwa makundi, wakatuzunguka.

"Sasa, mathe! Hizo bag ni za kuuza?" akauliza mmoja.

"Si bag."

"Basi ni nini?"

"Ni vitu vya kutazama."

Akafunua leso, akachungulia. "Tutazame nini na haina kitu ndani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Msichana mmoja mwenye aproni ya kiwandani akakichukua kiondo cha wastani, akakivaa kichwani kama kofia, akazunguka barabarani akijipepea. Na wakati huo Mbithe, badala ya kunitetea, anamwambia, "Inakufaa!" Niliinuka nikamvua kwa mkono wangu. Yule msichana hakukasirika hata kidogo. Alisema kivuli chake ni kizuri na niongeze mdomo wa mbele wa kuzuia jua.

Athi River hadi Kinungi

Jijini tulipita bila shida. Shida ilitungoja baada ya hapo, kwenye kizuizi cha barabarani. Askari alitazama karatasi za Mutua, akatazama vinyago, akaridhika, halafu akaniona mimi.

"Mama, kitambulisho. Unatoka wapi?"

"Machakos."

"Sijauliza umetoka wapi leo. Kwenu ni wapi?"

"Machakos."

"Machakos hakuna Waislamu," akasema, kama mtu anayenipa habari. Akakigeuzageuza kitambulisho changu akitafuta mahali kinapodanganya.

Ndugu zangu, mnajua babu yangu amezikwa wapi. Mnajua adhana ya mji ule ilikuwepo kabla huyo askari hajazaliwa. Damu ilinipanda. Na lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kabisa. Huyo alikuwa mtoto wa Kitui au Makueni, si mgeni. Akaamua kunipima kwa salamu ya Kikamba: "Uvoo waku?"

"Ni museo," nikamjibu, na sikuishia hapo. Nikamweleza kwa Kikamba mama yangu ni wa mlima gani, baba yake aliitwa nani, na kanisa alilobatizwa akiwa mtoto liko upande gani wa mto. Kisha nikamuuliza yeye mama yake yuko wapi, na kama anajua mwanawe hukaa barabarani akiwanyang'anya watu makwao. Mutua alikuwa amefumba macho kwa woga. Askari akacheka, akanirudishia kitambulisho, lakini kwa kuwa hakutaka niondoke mshindi, akaingiza mkono ndani ya Kuba akapapasa.

"Hii kyondo haina mukwa," akasema.

Mukwa ni mkanda wa ngozi. Kabla sijajibu Mbithe akaingilia: "Atawekewa tukifika, afande." Nilisikia, lakini nilikuwa bado nazozana na yule askari moyoni, sikuyapima maneno hayo.

Kinungi tulisimama kwa ajili ya mboga. Kuna wanawake pale wanakimbiza gari na ndoo za viazi na karoti, wanakupigia kelele mpaka unanunua. Nilikwenda kando kunawa na kuswali. Niliporudi, kiondo changu cha mistari ya zambarau, ambacho kilinichukua masika nzima, kilikuwa kimejaa viazi vyenye matope, kabichi juu.

"Mbithe!"

"Nini sasa?"

"Umetia viazi ndani ya kazi yangu!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ametia maji kwenye mtungi. "Si ni kiondo?"

Niambieni, ungejibu nini? Nilimimina viazi vyote sakafuni mwa lori, vikawa vinabingirika kutoka hapo mpaka Naivasha, kila kona vinagonga ndovu wa Mutua.

Nakuru

Tulikula mchana wetu Nakuru, jua likiwa limeshapinda. Muthokoi ya Mbithe ilikuwa imeisha zamani, na mahamri yangu walikuwa wameyasifu mpaka hayakubaki. Hoteli tuliyoingia ilikuwa safi, mhudumu kijana mchangamfu.

"Kuna kuku, madam. Kuku wa leo."

"Amechinjwa na nani?"

Akashangaa kidogo, lakini alitaka kunihudumia. "Na Kamau. Ako jikoni, nimwite?"

"Kamau ni Muislamu?"

"Hapana, lakini ako na kisu mzuri sana."

Mutua akakohoa kwenye kikombe chake cha chai. Nikaagiza chapati na maharagwe. Yakaja maharagwe, na katikati yake kipande cha mfupa wa nyama, na yule kijana akaniinamia kwa siri: "Hiyo nimekuongezea bure, kwa sababu umetoka mbali." Nilikula chapati kavu na hasira. Mbithe alikula maharagwe yangu, akasema ni matamu, akauliza Kamau anatia kiungo gani.

Tulilala kwa binamu yake Mutua, watu wema, nao hawana sehemu katika habari hii isipokuwa kwamba asubuhi nilimkuta mwenye nyumba ameanikia mtama ndani ya kiondo changu kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuwa mtu wa kusema peke yangu.

Kericho hadi Kisumu

Kericho mvua ilitupokea na haikutuachia. Turubai la lori lilikuwa na tundu upande wangu, maji yakawa yanatiririka moja kwa moja kwenye Kuba. Mkonge ukilowa unavimba, ukikauka vibaya unapinda, na umbo lote linapotea. Nilipiga kelele. Mutua akasimamisha lori kando ya mashamba ya chai, akashuka kwenye mvua, akapanda nyuma. Alifungua turubai dogo lililokuwa limefunika vinyago vyake, akaizungushia Kuba, akafunga kwa kamba za katani. Twiga wake na ndovu wake wakabaki wazi wakinyeshewa, na mti mbichi ukinyeshewa kisha ukapigwa jua hupasuka, hilo anajua kuliko mimi.

"Na vyako?" nikamuuliza aliporudi usukani, maji yakimchuruzika kwenye nyusi.

"Mimi nitachonga zingine," akasema. "Hiyo yako si unasema ni ya mama?"

Nayaandika haya msije mkadhani Mutua ni mtu mbaya. Hata mimi niliusahau wema huo siku iliyofuata, na ninataka nanyi mnisubiri kidogo kabla ya kumchukia.

Ukumbini

Mwandalizi wa maonyesho, Bwana Odera, alikuwa mtu wa tai na filimbi shingoni. Alitusalimia vizuri, akampeleka Mutua kwenye meza iliyoandikwa Ukambani. Mimi akanipeleka upande wa pili wa ukumbi, kwenye meza iliyoandikwa Pwani.

"Mimi ni wa Machakos," nikamwambia.

"Lakini mama, umevaa buibui."

"Nimevaa buibui Machakos."

"Sawa, sawa. Ni kwa ajili ya wageni kuelewa haraka," akasema, akapuliza filimbi yake kumwita mtu mwingine.

Mwenye meza ya Pwani alikuwa Bi Mwanaisha wa Mombasa, muuza halua na kofia za kudarizi. Alinikaribisha kwa upendo wote mpaka aliposikia ninakotoka. "Machakos?" akasema. "Kumbe na huko kuna Waislamu! Basi mwanangu, umefanya vyema kujitahidi." Kujitahidi! Akanikatia kipande kikubwa cha halua ili kunifariji kwa kuwa mtu wa bara. Halua ilikuwa nzuri sana, na ilinibidi niile nikiwa nimenuna, jambo ambalo si rahisi.

Kwa hiyo barabarani mimi si Mkamba kwa sababu ni Muislamu, na ukumbini mimi si Muislamu wa kutosha kwa sababu ni Mkamba. Nikatafuta ngazi ya kutundikia Kuba juu. Bwana Odera akasema ngazi itakuja kesho asubuhi. Nikamwomba Mbithe anitunzie Kuba, maana wao walikuwa wanalala pale pale na mizigo, nami nikaenda kwa familia iliyonipokea karibu na msikiti. Walinipa samaki mzima na ugali, wakaniuliza habari za njiani, nikawaambia ni nzuri.

Asubuhi Mbithe alinipokea mlangoni akicheka. "Funga macho kwanza, dada!"

Sikufunga. Nikaiona Kuba imesimama wima juu ya meza ya vinyago, na kutoka ukingo mmoja hadi wa pili imeshonewa mikanda miwili ya ngozi nyekundu, minene, yenye mabaka ya duara pale ilipoungana na mkonge. Mutua alikuwa nyuma yake, ameshika sindano ya kushonea viatu, anasubiri kusifiwa. Na kwa kweli ilikuwa kazi safi. Mishono imenyooka. Ngozi ile aliipata kwa fundi viatu wa nje ya ukumbi, akatoa badala yake twiga wake mrefu, yule mmoja ambaye mvua haikumpasua.

Nilinyoosha mkono nikagusa matundu aliyotoboa ukingoni.

"Nani amewaambia?" nikasema. "Nani?"

Kicheko cha Mbithe kikakatika. "Wewe ulisema haihitaji."

"Ndiyo! Nilisema haihitaji!"

"Lakini dada, mwanamke wa kwetu akisema hahitaji, akiangalia dirisha, si ni kusema hana? Ningekuuliza tena nikuaibishe?" Akashika kanga yake. "Kiondo ikiisha, mtu wa nyumba yako ndiye anakutilia mukwa. Umekuja peke yako. Tukasema, basi sisi ndio watu wako."

Mnaona walivyonifunga mikono? Mtu akikuharibia kwa ubaya unajua la kufanya. Hawa waliniharibia kazi ya mama yangu kwa mapenzi, na nikawa nimesimama pale na hasira ya kuangusha ukumbi, sina wa kumrushia. Nikasema tu, "Nipeni kisu."

Kabla sijapewa, filimbi ikalia mgongoni kwangu. Bwana Odera alikuwa amefika na vijana wake. "Ahaa! Sasa imekuwa kitu!" akasema, akaishika mikanda, akaipima uzito, na kabla sijafungua mdomo Kuba ilikuwa imebebwa hadi meza kuu, ikazungushiwa utepe pamoja na vitu vinavyoshindanishwa, na mtu akaijaza machungwa ili ipendeze. Nilimfuata nikimwambia si mkoba. Akaniambia waamuzi wameshaanza na mtu haruhusiwi kuvuka utepe. Kwenye kadi waliandika: Mkoba, Pwani. Hapakuwa na jina la mtu yeyote.

Cherehani yenyewe

Alasiri watu wakakusanywa. Mgeni wa heshima alikuwa bwana mnene, mcheshi, aliyependa kushika vitu. Akatangaza mfinyanzi bora, akatangaza mshonaji bora, halafu Bwana Odera akasoma: "Mikoba ya nyumbani, nafasi ya kwanza, dada yetu Rukia kutoka Pwani!" Nyuma ya meza cherehani ilikuwa imesimama, nyeusi, mpya, na maua yake ya dhahabu. Ndiyo, niliiona. Ndiyo, ni nzuri. Nilifikiria kikundi chetu, na zile nguo tunazoshona kwa mkono mpaka vidole vinatoboka. Msidhani sikufikiria.

Nikapanda jukwaani. Mgeni wa heshima alimimina machungwa, akaitia Kuba begani kwa mikanda yake, akatembea huku na huku kama mama anayetoka sokoni, watu wakashangilia. "Hii inabeba sukari ya mwezi mzima!" akasema. Kila akitembea, ukingo ulikuwa unavutika pale penye matundu, na niliona uzi wangu mmoja umeanza kufunguka.

"Mheshimiwa," nikasema, "si mkoba. Naomba unirudishie."

"Mama, chukua zawadi tu," Bwana Odera akaninong'oneza. "Hayo mengine tutaelewana baadaye."

"Baadaye lini? Kazi hii ilianzwa na mama yangu, na amekufa. Niandikieni jina lake, niitundike juu, mnipe au msinipe hiyo cherehani."

"Shindano ni la mikoba," akasema. "Ikiwa si mkoba, haimo."

"Basi haimo."

Nikashuka, nikaenda hadi meza ya Ukambani, nikachukua kisu cha kuchongea cha Mutua bila kumuomba, nikarudi, nikaikata mikanda mbele ya watu wote, mmoja, na wa pili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyo mama ni mgonjwa." Cherehani akapewa mwanamke wa nafasi ya pili, mwenye mkoba mzuri wa makuti, naye akanikumbatia akilia kwa furaha, na mimi sina ugomvi naye.

Hiyo ndiyo habari ya cherehani. Lakini mnayemaliza kusoma hapa mtakuwa mmesoma nusu.

Nilirudi kona ya vinyago na Kuba kifuani. Mbithe alikuwa analia. Mutua alitoka nje, akarudi na ngazi, Mungu anajua aliitoa wapi, akapanda, akaifunga Kuba kwenye boriti kwa waya, mdomo chini, akaisawazisha mpaka ikatulia. Kisha akashuka, akasimama mbele yangu na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi.

"Inaangaliwa namna gani?" akaniuliza.

"Unalala chini," nikamjibu kwa ukali. Sikutarajia afanye hivyo.

Akavua koti, akalitandika sakafuni katikati ya ukumbi uliojaa watu, akalala chali, mtu mzima yule, viatu vyake vikiangalia dari. Akatazama. Watu wakampita wakicheka, Bwana Odera akapuliza filimbi, hakuinuka. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya.

"Rukia," akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Huyu aliyeanza hapa kitovuni, alikuwa wa mkono wa kushoto?"

Nikashika meza.

"Kwa sababu nyuzi zinalalia huku," akaendelea, akionyesha kwa kidole, "zinazunguka hivi, zinakuja, zinakuja. Halafu hapa," kidole chake kikasimama, "hapa mkono umebadilika. Zinageuka. Kuanzia hapa ni wewe."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilikuwa nimekaa na kile kisahani sandukuni, nikijua ni wapi hasa mama aliachia uzi, na nilipoanza kuendelea sikuufumua wala kuuficha mpindo ule. Nilitaka uonekane. Njia yote kutoka Mumbuni watu walitia ndani yake simba, mikono, machungwa, na hakuna hata mmoja aliyetazama. Nililia pale pale, mbele ya meza ya Pwani na ya Ukambani.

Mutua akakaa kitako. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Kalekye," nikamwambia. "Baada ya kusilimu, Hadija."

Akainuka, akaenda hadi meza kuu, akaichukua ile kadi iliyoandikwa Mkoba, Pwani, akaigeuza upande mtupu. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea patasi kuliko kalamu: KALEKYE HADIJA NA RUKIA. MACHAKOS. Akaibandika kwenye ukuta chini ya Kuba. Baadaye Mbithe akalala chini, na Bi Mwanaisha naye akalala, akisaidiwa na watu wawili, akasema "Mashaallah" mara nyingi, kisha tukawa na kazi ya kumwinua.

Kurudi Machakos

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile na viazi vya Kinungi vile vile, isipokuwa safari hii Mbithe aliviweka kwenye gunia, akanitazama ili nione ameviweka kwenye gunia. Mikanda miwili nyekundu nilimpa Mutua, akafungia vinyago.

Sasa Kuba iko kwangu Mumbuni, juu ya dari ya sebuleni, na chini yake nimetandika mkeka. Matundu ya mikanda bado yako. Sikuyaziba, nimeyakasirikia tu. Ninyi wa kikundi, na wewe unayenivizia sokoni, na ninyi wa mlangoni siku ya Ijumaa, njooni. Vueni viatu, laleni chali, mtazame mpaka muone mahali mkono wa mama ulipoachia. Mkishapaona, niulizeni tena juu ya cherehani.